Majani Ambayo Bibi Hakuyaona

Kila Jumamosi asubuhi, kabla jua halijawa kali, Chiriku na bibi yake walishuka bondeni kuchuma mboga. Jina hilo la Chiriku alipewa na mama yake siku alipoanza kuongea, maana tangu siku hiyo hakunyamaza tena. Mwenyewe hakulichukia. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, na mtaa mzima ulimwita hivyo hivyo. Hata mwalimu mkuu aliwahi kuteleza ulimi akamwita Chiriku mbele ya wanafunzi wote.

Bonde lilikuwa nyuma ya nyumba zao, ng'ambo ya mfereji. Mvua zikianza tu, majani yalifumuka kila mahali: mchicha pori, mnavu, mlenda. Bibi alichuma polepole, huku akiinama na kuinuka kama mtu anayesalimia majirani anaowajua. Wakirudi nyumbani, hakuyapeleka majani jikoni moja kwa moja. Aliketi kwenye kigoda uani, akayamwaga kwenye ungo, akayapitia moja moja. Alilitazama jani mbele na nyuma, akalisugua kwa kidole, akalinusa.

"Bibi, si tumeyachuma wenyewe? Unatafuta nini tena humo?" Chiriku aliuliza siku moja.

"Natafuta mgeni," Bibi alijibu bila kuinua macho. "Majani hayajui kujitenga, mjukuu wangu. Mboga inaota hapa, na kisichofaa kinaota papo hapo, vimebanana. Nisilolijua haliingii kwenye sufuria yangu."

Chiriku alicheka kimoyomoyo. Machoni pake majani yote yalikuwa ya kijani, na siku nyingi alimwona Bibi akimaliza ungo mzima bila kutupa hata moja. Alianza kuamini kwamba ukaguzi ule ulikuwa mazoea ya uzee tu.

Jumamosi moja Bibi aliamka na goti limevimba kama embe. Usiku kucha hakupata usingizi kwa maumivu. Mama naye alikuwa ameinamia cherehani tangu alfajiri, kwani mwenye mgahawa alikuwa akizisubiri aproni za wahudumu wake. Baba alikuwa safarini na lori. Ndani ya nyumba, mwenye nafasi alikuwa Chiriku peke yake, ukiacha mdogo wake Kibonge, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kula na kuuliza maswali.

"Nenda wewe leo," Bibi alisema akiwa kitandani. "Chuma mchicha na mnavu pale pale tunapochuma siku zote, usivuke kwenda ng'ambo ya bonde. Halafu uniletee hapa niyaone. Umesikia?"

"Nimesikia, Bibi."

Alishuka bondeni kifua mbele. Lakini pale mahali pao palikuwa pameshapitiwa na wengine; vilibaki vijiti tu. Alihangaika, akaambulia konzi chache za mnavu mwembamba. Akatazama ng'ambo, kwenye jalala la zamani, akaona kijani kilichokolea. Akavuka.

Majani ya pale yalikuwa mapana, laini, yamenona. Chiriku alijiambia kuwa huo ni mnavu ulioshiba mbolea ya jalala. Yalikuwa na harufu nzito kidogo, kama karanga zilizovunda, lakini jalala likinuka nani atashangaa? Alichuma mpaka kapu likafurika, akarudi akijiona mtu mzima.

Mlango wa chumba cha Bibi ulikuwa umeegeshwa. Akachungulia. Bibi alikuwa amepitiwa na usingizi, mdomo wazi, mkono juu ya goti. Chiriku alisimama hapo na kapu lake. Angeweza kumwamsha. Angeweza kusubiri. Lakini kutoka jikoni sauti ya mama ilimwita.

"Chiriku! Wali umeshaiva, mboga iko wapi? Bibi ameyaona?"

"Ndiyo, mama."

"Yote?"

"Yote. Amesema ni mazuri."

Uongo wa pili ulitoka kwa urahisi kuliko wa kwanza. Mama aliyaosha majani haraka haraka, akayakatakata, akayatia kwenye kitunguu na nyanya, akarudi kwenye cherehani sufuria ikichemka.

Walikula mchana huo kila mtu kwa namna yake. Mama alikula vijiko vichache amesimama, jicho moja kwenye aproni. Kibonge hakuwa mtoto wa kubembelezwa chakula. Alifuta sahani yake, akaomba mboga tena, akafuta tena. Chiriku aliona ladha ina uchungu kidogo, akala nusu. Bibi, kwa vile hakuwa na hamu ya chakula, alikunywa uji tu chumbani kwake.

Baada ya kula, Chiriku alikwenda uani kufagia mabaki ya mboga. Aliinama kuokota mabua, na hapo ndipo alipoona.

Baadhi ya mabua yalikuwa manene, yenye rangi ya zambarau. Jani moja lililosalia lilikuwa na ncha kali pembeni, kama limekatwa kwa mkasi na mtu mwenye hasira. Na katikati ya takataka zile palikuwa na ua ambalo halijachanua, refu, jeupe, limejikunja kama mwavuli uliofungwa. Chiriku alilijua ua lile. Siku moja njiani Bibi alilielekezea fimbo, akamvuta mkono kwa nguvu. "Huyu umpite mbali," alimwambia. "Huyu huwatia watu wazimu kabla ya kuwaua."

Akayaachia mabua aliyokuwa ameyashika.

Alijaribu kujituliza. Labda ni ua moja tu lililoingia kwa bahati mbaya. Labda moto umeshaua sumu yote. Akatazama huku na huku, akafungua ndoo ya taka, akayazika mabua chini kabisa, chini ya maganda ya vitunguu, akafunika. Kisha akanawa mikono. Akainusa, bado ilinuka. Akanawa tena.

Alirudi ndani, akaketi sakafuni karibu na Kibonge, aliyekuwa akipanga vifungo vya mama kwa rangi. Chiriku hakumwondolea macho. Kila Kibonge alipokohoa, alimsogelea zaidi.

"Dada, maji," Kibonge alisema.

Akampa maji. Kibonge akanywa kikombe kizima.

"Dada, maji tena."

Akampa tena. Midomo ya mtoto ilikuwa mikavu kama karatasi, ingawa alikuwa ametoka kunywa sasa hivi. Mashavu yake yalikuwa yakitoa joto kama pasi. Chiriku alipomtazama usoni, alitamani asingetazama. Mboni za macho ya Kibonge zilikuwa zimetanuka, macho yamekuwa meusi matupu, kama madirisha ya nyumba isiyo na watu.

"Dada, watoe hawa kuku."

"Kuku gani?"

"Hawa hapa. Wananidonoa." Akaanza kuchomoa kitu hewani kwa vidole vyake vifupi, huku akijipangusa fulana.

Ndani hamkuwa na kuku hata mmoja.

Mama alisimamisha cherehani, akaja, akamgusa mtoto paji la uso. "Ah! Anachemka huyu. Homa imempiga ghafla hivi?" Alisimama wima, akapepesa macho, akashika ukingo wa meza. "Hata mimi leo macho yangu sijui yana nini. Natunga uzi, tundu la sindano silioni. Chiriku, niletee dawa ya homa kabatini. Nimpe, alale."

Chiriku alikwenda kabatini. Moyo wake mwenyewe ulikuwa ukienda mbio, na ulimi umemkauka. Hakujua kama hiyo ni sumu au ni hofu. Akisema, mama atajua kwamba alivuka, kwamba alidanganya, tena mara mbili, kwa kitu cha kumeza. Asiposema, Kibonge atapewa dawa ya homa, atalazwa kitandani, mlango utafungwa. Na labda hataamka. Wazo hilo lilikuja peke yake, halikutaka kuondoka.

Alirudi na chupa mkononi. Kibonge aliinua uso, akamwona dada yake, dada ambaye kila siku alimkimbilia mlangoni, akapiga ukelele na kujificha nyuma ya miguu ya mama kana kwamba ameona mnyama.

Chiriku hakuweza tena.

"Si homa, mama! Ni mboga. Ni mboga niliyoleta mimi!"

"Mboga ina nini? Si umesema Bibi ameiona?"

"Nilidanganya. Bibi alikuwa amelala. Nilivuka mpaka jalalani. Humo mna lile ua, mama, lile jeupe!"

Uso wa mama ulibadilika polepole, kama mtu anayesikia habari kutoka mbali. Kisha akaita kwa sauti ambayo Chiriku hakuwahi kuisikia: "Mama! Mama, njoo!"

Bibi alitoka akijikokota, mkono ukutani. Chiriku alikuwa ameshakimbilia ndoo ya taka, amechimbua mabua kwa mikono miwili, maganda ya vitunguu yametapakaa. Bibi alichukua bua moja, akalivunja, akalinusa.

"Mnanaha," alisema. "Nani kala?"

"Sisi sote watatu," Chiriku alijibu.

Kelele zilimvuta jirani yao, fundi seremala, aliyekuja na vumbi la mbao nywelani. "Mpeni maziwa! Mtieni kidole kooni atapike!" alishauri.

"Usimpe chochote, baba," Bibi alimkatiza. "Mtoto hana fahamu zake, atapaliwa. Washa gari lako tukimbie hospitali. Na wewe Chiriku, hayo mabua na lile ua, yafunge kwenye mfuko. Daktari atayataka."

"Njoo nawe, Bibi!"

"Goti hili litawachelewesha. Nendeni! Wewe ndiye unayejua ulichochuma. Wewe ndiye utakayesema."

Gari dogo la seremala lilikuwa limejaa mbao. Alizisukuma chini bila kuangalia zinaangukia wapi. Njiani Kibonge alipigana mikononi mwa mama, akicheka na kulia kwa pamoja. Mama alimshika, lakini kichwa chake mwenyewe kilikuwa kikiyumba, na mara kwa mara alimjibu mtu ambaye hakuwepo. Chiriku aliukumbatia ule mfuko kifuani. Alihesabu milango ya maduka ili asifikiri, akapoteza hesabu, akaanza upya.

Hospitalini mabenchi yalijaa watu wenye homa. Muuguzi aliyekuwa mapokezi aligusa paji la Kibonge.

"Homa hiyo. Wiki hii watoto ni hao hao tu. Kaeni hapo, ataitwa kupimwa damu."

"Amekula kitu," seremala alisema. "Amekula majani."

Daktari mmoja, mwanamke mwenye miwani, alikuwa akipita. Alisimama. "Majani gani? Mama, mtoto alikula nini?"

Mama alimtazama daktari kwa macho yake meusi yaliyotanuka, akatabasamu kidogo, na akasema kwa sauti ya mtu anayeota:

"Mboga tu. Mama yangu ameyaona. Yote. Amesema ni mazuri."

Yalikuwa maneno ya Chiriku mwenyewe, neno kwa neno, yakitoka kinywani mwa mama yake.

"Basi si chakula," muuguzi alisema, akanyoosha mkono kuelekea kwenye benchi. "Tupime damu kwanza."

"Hapana!" Sauti ya Chiriku ilikwaruza koo lake kavu. Watu wote wa mabenchi waligeuka. Alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini miguu ilimpeleka mbele mpaka kwa daktari. "Bibi hakuyaona. Mimi nilimdanganya mama. Niliyachuma mwenyewe jalalani. Bibi amesema ni mnanaha. Haya hapa."

Daktari alifungua mfuko. Akatazama ua, akatazama macho ya Kibonge, akatazama macho ya mama. Uso wake ulikaza.

"Mlikula lini?"

"Mchana huu. Mama alipomaliza aproni ya mwisho ya rundo la kwanza. Adhana ya adhuhuri ilikuwa... ndiyo, ilikuwa imeshapita kitambo kidogo."

"Mtoto alikula kiasi gani?"

"Sahani nzima, na nyongeza. Mama vijiko vichache. Mimi nusu."

"Hata wewe?" Daktari alimshika kidevu, akamulika macho yake kwa tochi ndogo. "Machela! Leteni machela mbili, na huyu binti ashikwe mkono. Andaa mkaa wa dawa."

Kuanzia hapo mambo yalikwenda kasi. Chiriku alinyweshwa kikombe cha kitu cheusi, kizito, chenye chengachenga kama mchanga. Alilazwa kwenye kitanda, na kwenye kidole chake wakabana kifaa kilicholia ti, ti, ti kufuata moyo wake. Kupitia pazia lililobaki wazi aliwaona wauguzi wawili wakimshika Kibonge ili sindano ya maji isitoke. Kibonge alikuwa akiwafukuza kuku wake kwa sauti iliyokwisha kukauka. Kisha sauti ile ilikoma. Pazia likafungwa.

Hakuna kelele iliyomtisha Chiriku kama ule ukimya. Alitega sikio. Alisikia viatu, chupa, maneno ya chini chini ya daktari. Alitaka kuuliza, akaogopa jibu. Yeye aliyeitwa Chiriku hakuwa na neno hata moja. Alilala ubavu, akalitazama lile pazia mpaka macho yake yenye ukungu yakashindwa.

Kulipokucha, pazia lilivutwa. Daktari wa miwani alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda cha Kibonge, amechoka, kola imekunjamana. Kibonge alikuwa ameketi, midomo na meno meusi kwa ule mkaa, akitazama huku na huku kwa mashaka.

"Nani kanipaka masizi?" aliuliza. Kisha akamwona Chiriku. "Dada! Nina njaa."

Chiriku alifunika uso kwa shuka, akalia mpaka kitanda kikatikisika.

Daktari alimwacha alie. Alipotulia, alimwambia, "Sikiliza, binti. Jana tulikuwa na wagonjwa wengi wa homa. Ningeanza kumtibu ndugu yako kama wao, na sumu ingepata muda wa kufanya kazi yake. Ulichosema mbele ya wale watu ndicho kilichonionyesha njia. Lakini usije ukajiona shujaa. Moto uliouzima, uliuwasha wewe."

"Ndiyo, daktari."

"Na tusilaumu mboga za porini. Zina afya nzuri tu kwa anayezijua. Usiyemjua humwingizi chumbani kwako. Jani usilolijua utalitia tumboni kwa nini?"

Mama alikuwa kitanda cha tatu, amerudiwa na akili, uso umemsinyaa. Bibi alikuwa amefika na seremala jioni ile ile, na sasa alikaa kwenye kiti, goti lake limenyooshwa mbele. Chiriku alishuka kitandani, akaenda akapiga magoti kati yao.

"Mama, Bibi, nisameheni."

Mama alisema, "Nilikuuliza swali dogo sana jana. Kama ungenijibu 'bado', ningekwambia kamwamshe. Bibi angekuta yale majani, angeyatupa, angekugombeza kwa kuvuka. Tungekula wali mtupu. Mambo yangeishia hapo."

"Niliogopa utasema nimechelewa."

"Ningesema. Tena kwa sauti." Mama alivuta pumzi. "Mimi ni mama yako, nitakasirika mara nyingi. Hasira yangu inaisha. Lakini ukinificha ukweli, hata mapenzi yangu yote hayawezi kumwokoa mtoto, maana nitakuwa natibu homa wakati ugonjwa ni mwingine. Unaelewa? Ukikosea, njoo useme wakati ule ule, hata kama unatetemeka."

"Naelewa, mama."

Bibi aliweka mkono kichwani kwa mjukuu wake. "Bondeni tutarudi," alisema. "Tutaanza upya, jani kwa jani, na jina lake na sura yake. Kuanzia leo, usilolijua utaniuliza."

"Na kama sijui hata moja, Bibi?"

"Basi utauliza yote. Wewe na kusema, lini umechoka?"

Mama alicheka, kidogo tu, kwa koo lililokauka. Chiriku alijifuta machozi kwa ukosi wa gauni, akainuka, akaenda kumwombea Kibonge uji kwa muuguzi. Alipofika mlangoni alirudi, akauliza kwanza kama mtoto anaruhusiwa kula.